Tano mbili katika juma moja: lugha na fikra zetu kuhusu wakati

Kila mwaka, ninapofika kwenye mada ya lugha na fikra, hakosi mwanafunzi wa kunyanyua mkono na kuuliza kama ni kweli kwamba sisi Waafrika hatuna wakati ujao. Swali hilo halizuki hivi hivi. Mwaka 1969 John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyezaliwa Ukambani, alichapisha kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika ambacho hadi leo husomwa vyuoni. Humo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi: Sasa ni wakati tunaouishi, pamoja na yaliyopita karibuni na yanayokaribia kutukia, na Zamani ni wakati mpana ambamo kila tukio hatimaye huzama. Ujao wa mbali, kwa maelezo yake, haukuwa na nafasi katika fikra za jadi. Ushahidi aliouegemea zaidi ulikuwa njeo, yaani maumbo ya vitenzi yanayoonyesha wakati, za Kikamba na Kikuyu, ambazo kwa hesabu yake zilielekeza mbele miezi sita hivi, au miaka miwili kwa wingi wake.

Ninamheshimu Mbiti, kwa kuwa aliandika ili kuipa heshima dini iliyokuwa imedharauliwa kwa miongo mingi. Hata hivyo, hatua aliyoipiga kutoka kwenye umbo la kitenzi hadi kwenye fikra za mtu ndiyo hatua ambayo sisi wanaisimu, wachunguzi wa lugha, tumefundishwa kuiogopa, na tumefundishwa kwa kuumia. Katika miaka ya 1930 Benjamin Lee Whorf, mkaguzi wa bima ya moto huko Marekani aliyesomea isimu chini ya mwanaisimu Edward Sapir, alidai kwamba lugha ya Wahopi, wenyeji wa asili wa Arizona hukohuko Marekani, haina maneno wala maumbo ya kisarufi yanayorejelea moja kwa moja kile tunachokiita wakati, na kwamba kwa hiyo Mhopi hauoni wakati kama mto unaotiririka. Dai hilo lilipendwa sana na watu ambao hawakuwahi kumsikiliza Mhopi akizungumza. Mwaka 1983 mwanaisimu Ekkehart Malotki akatoa kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kilichojaa mifano ya Wahopi wakitaja siku, miezi, majira, jana na kesho katika lugha yao wenyewe.

Kwa upande wetu, kiambishi -ta- cha Kiswahili, ambacho asili yake ni kitenzi taka, hakina mpaka wa miaka: “mvua itanyesha kesho” na “milima itaporomoka siku ya kiama” hutumia kiambishi kilekile. Lakini hata lugha ambayo njeo zake za ujao zingekoma kwenye msimu ujao wa mavuno isingemzuia mzungumzaji wake kupanda mnazi wa kienyeji, ambao huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, wala isingemzuia mtu wa pwani kuweka nyumba wakfu ili iwafae watu ambao wazazi wao bado hawajazaliwa. Mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana, akiutumia ushahidi wa Kiakan, lugha ya huko kwao, alimjibu Mbiti kwamba lililosemwa kuhusu lugha mbili au tatu haliwezi kuvikwa bara zima. Mimi ningeongeza kwamba halitoshi hata kwa lugha hizo mbili au tatu, maana njeo si hesabu ya mawazo ya mtu.

Anayetaka kuona jinsi maneno yanavyoweza kusema jambo moja huku vichwa vikiwaza jingine, na azitazame siku za juma. Jumamosi ni siku ya mosi, ya kwanza baada ya Ijumaa. Jumapili ni ya pili, na hesabu inaendelea hadi Jumatano, ambayo jina lake linatangaza kwamba ni ya tano. Siku inayofuata ni Alhamisi, neno la Kiarabu lenye maana ya siku ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Basi tunazo tano mbili zilizofuatana, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiarabu, na sijapata kukutana na Mswahili aliyechanganyikiwa kwa sababu hiyo. Wengi wetu huenda kazini Jumatatu tukijua kwamba wiki ndiyo imeanza, ingawa jina la siku yenyewe linatuambia tumekwisha kufika ya tatu. Kama maneno yangekuwa na nguvu ya kutufunga ambayo watu huyapa, basi hapa yangetufunga, kwa kuwa namba zenyewe zimeandikwa waziwazi ndani ya majina.

Saa ni jambo gumu zaidi, na hapo sina budi kukiri kwamba kitu fulani kichwani kimejengeka. Mtu wa Dar es Salaam huishika simu inayoonyesha 16:00 akatamka “saa kumi” bila kusita, na ukimwuliza simu imeandika nini, aghalabu hurudia hiyohiyo saa kumi. Niliwahi kuagana na mgeni kutoka Ulaya, aliyekijua Kiswahili vizuri lakini akawa bado ana saa ya kwao, tukutane saa tatu. Mimi nilikaa asubuhi nzima nikimngoja, naye akafika kwa raha zake saa tisa alasiri, akinilaumu kwa kutokupokea simu. Tofauti ilikuwa saa sita kamili, kama inavyokuwa siku zote. Kwake siku huanza katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala. Kwangu saa huhesabiwa tangu jua linapochomoza na kuanza upya linapotua, na kwa desturi ya pwani siku yenyewe huanza magharibi, ndiyo maana usiku wa Ijumaa kwa wazee ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa kuwa watu wa mjini wameanza kuukosea, matangazo sasa husema “usiku wa kuamkia Ijumaa” ili kukata mzizi wa fitina.

Je, ni Kiswahili kilichotufanya tuhesabu hivyo? Waganda, wenye lugha ya Kibantu kama yetu, huiita saa ya kwanza ya mchana saa moja. Waethiopia wanaozungumza Kiamhari, ambacho ni lugha ya Kisemiti, hufanya vivyo hivyo. Kinachotuunganisha sote si sarufi. Ni jua lisilo na mchezo: Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki saa moja, kwa hiyo mapambazuko yanatosha kuwa alama ya kuaminika ya kuanzia hesabu. London, ambako mchana wa Desemba haufiki hata nusu ya ule wa Juni, saa ya namna hiyo ingewasumbua watu. Lugha imeihifadhi desturi na kuirithisha, na mtoto huipokea pamoja na maneno, lakini aliyeianzisha ni mkao wetu duniani.

Nisije nikaeleweka kwamba lugha haina athari yoyote. Mwanaisimu Roman Jakobson alikwisha kusema kwamba lugha hutofautiana kwa yale zinayolazimisha yasemwe, si kwa yale zinayoruhusu, na kwa maoni yangu uchunguzi wote wa maana tangu hapo umeifuata njia hiyo. Katika rasi ya Cape York, kaskazini mwa Queensland huko Australia, watu wa Pormpuraaw wanaozungumza Kuuk Thaayorre hawatumii kulia na kushoto kama sisi. Kitu kiko upande wa kaskazini au kusini, mashariki au magharibi, hata kikiwa kikombe mezani. Mzungumzaji analazimika kuujua uelekeo wake wakati wote, la sivyo hawezi kusema sentensi ya kawaida. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, Lera Boroditsky na Alice Gaby waliwapa watu hao picha za mambo yanayobadilika kadiri muda unavyokwenda, kama vile mtu anayezeeka, wakawaomba wazipange. Walielekea kuzipanga kutoka mashariki kwenda magharibi: aliyeketi akitazama kusini alianzia kushoto, aliyetazama kaskazini akaanzia kulia, na aliyetazama mashariki akazileta kuelekea kifuani mwake. Hakuna aliyewaambia ni upande gani wanatazama. Sisi tuliosoma kwa herufi za Kirumi tungeanzia kushoto popote tulipoketi, na aliyezoea kusoma Kiarabu aghalabu huanzia kulia.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu unafanana na wetu. Katika Kiaymara, lugha ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, nayra ni jicho, ni mbele, na ndilo neno la wakati uliopita. Qhipa ni nyuma, na ndilo la wakati ujao. Mwaka 2006 Rafael Núñez na Eve Sweetser walionyesha kwamba jambo hili haliishii kwenye maneno, maana wazee wasiokijua vizuri Kihispania walipozungumza habari za kale walinyoosha mikono mbele yao, ilhali waliokimudu Kihispania walielekea kuirusha nyuma kama Wahispania wafanyavyo.

Kiswahili kinazo picha zote mbili. Tunasema “miaka ya nyuma” na “huko mbeleni”, kama wasafiri walioiacha jana mgongoni. Lakini aliyekufa ametutangulia mbele ya haki, na wajukuu ni wale watakaokuja nyuma yetu, kama kwamba vizazi ni msafara na waliopita ndio walio mbele. Ninavyoona, miaka tunaiweka katika picha ya kwanza na watu katika ya pili, na tunahama kutoka moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja bila kujikwaa. Tangu nilipousoma utafiti wa Kiaymara nimekuwa nikiitazama mikono ya watu kuliko midomo yao. Juzi msibani mzee mmoja alisema kwamba marehemu ametangulia, na kiganja chake kikaenda mbele, kuelekea mlangoni. Alipoanza kusimulia walivyovua pamoja miaka ya nyuma, mkono uleule ukarudi ukapita juu ya bega lake.