Udongo wa Rungwe mbele ya eksirei

Saga ganda la konokono, kisha saga kipande cha jiwe la kalsaiti kutoka kilima cha Panda, nje kidogo ya jiji la Mbeya. Mkemia atakwambia vyote viwili ni kalsiamu kaboneti, na hajakosea. Lakini mashine ya eksirei inavitofautisha mara moja: ganda ni aragonaiti, jiwe ni kalsaiti. Atomu ni zilezile kwa uwiano uleule, ila zimejipanga tofauti. Sisi tunaopima madini na udongo tunaishi kwa tofauti hiyo.

Kinachotusaidia kinaitwa difraksheni, na huhitaji maabara kukiona. Chukua CD ya zamani uigeuzegeuze juani. Rangi zile hazikupakwa. Mistari ya CD imeachana kwa maikrometa 1.6, umbali usio mbali sana na urefu wa mawimbi ya mwanga, ambao ni maikrometa 0.4 hadi 0.7. Mwanga unaorudi kutoka mstari mmoja hukutana na ule wa mstari jirani. Mawimbi yanayopanda na kushuka pamoja hutiana nguvu, yanayopishana hufutana. Kila rangi hupata nguvu kwenye pembe yake.

Ndani ya fuwele, yaani kitu ambacho atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, matabaka ya atomu yameachana kwa sehemu ndogo tu ya nanometa. Mawimbi ya mwanga ni marefu mno kwa kazi hiyo. Ya eksirei yanatosha. Mwaka 1912, huko Munich, wazo la Max von Laue lilijaribiwa kwa fuwele ya salfeti ya shaba, na madoa yakajitokeza kwenye bamba la picha. Mwaka huohuo William Lawrence Bragg, kijana wa miaka 22, akaligeuza kuwa hesabu fupi: nλ = 2d sin θ. Ukiujua urefu wa wimbi (λ) na pembe (θ), huku n ikiwa namba nzima, umepata d, yaani umbali kati ya tabaka na tabaka.

Kwetu kazi ni kukausha udongo, kuusaga uwe laini, kuushindilia kwenye kisahani na kuupiga eksirei zinazotolewa na shaba, zenye wimbi la nanometa 0.154. Kipokezi kinazunguka kikichora grafu yenye vilele. Kilele kirefu kwenye nyuzi 26.6 (grafu huandika 2θ, mara mbili ya pembe ya Bragg), hiyo ni kwazi, madini ya mchanga wa kawaida. Kwenye 12.4 nashuku kaolini, madini ya udongo wa mfinyanzi. Nauchoma udongo hadi nyuzijoto 550, na kilele kikitoweka, ni yenyewe. (Wafinyanzi wa Kyela huivunja kaolini hiyohiyo kwa moto wa kuni, bila grafu.)

Udongo wa majivu ya volkano wa Rungwe ndio unaonipa raha. Mara nyingi grafu yake haina vilele vingi. Ina mwinuko mpana, butu, kama mgongo wa kilima. Msomaji wa grafu mwenye haraka ataandika kwamba madini ya mfinyanzi ni kidogo, na atapotosha watu. Mwinuko ule unaashiria vitu ambavyo atomu zake hazina mpangilio unaojirudia kwa umbali mrefu, na kwenye udongo wa aina hii mshukiwa wa kwanza ni alofeni, zao la majivu yaliyooza upesi kwenye mvua nyingi. Tunathibitisha kwa kuiyeyusha kwa oksaleti yenye asidi, kisha tunapima aluminiamu na silika iliyotoka. Gari la Curiosity, lililotua Mirihi mwaka 2012 likiwa na kipimo cha difraksheni, lilikuta huko pia mchanga wenye sehemu kubwa isiyo fuwele.

Kwa mkulima wa viazi mviringo jambo hili lina bei. Alofeni hushika fosfeti, chakula cha mmea kilichomo kwenye mbolea ya kupandia, kwa nguvu, hivyo mbolea hiyo ikimwagwa shamba zima hunaswa kabla mizizi haijaifikia. Nikiona mgongo ule kwenye grafu, nashauri mbolea iwekwe kwenye mstari, karibu na mbegu, ikichanganywa na samadi iliyooza vizuri.