Msuli laini: kukaza na kulegea kwa mwili wa mjamzito

Msuli wa mkono hukaza ukitaka. Msuli laini hauamriwi. Ndio uliojenga ukuta wa mji wa mimba, na ndio unaozunguka mishipa ya damu kama pete: ukikaza, njia ya damu inabanwa, ukilegea, inapanuka. Kote unakaza kwa namna ileile. Kalsiamu inaingia ndani ya seli, nyuzi za protini zinavutana, seli inafupika.

Mimba inaudai msuli huu uvumilivu mkubwa. Mji wa mimba utanuke miezi tisa bila kusukuma, mishipa nayo ifunguke. Mishipa midogo iliyojisokota chini ya kondo la nyuma huingiliwa na seli zinazotoka kwenye kondo lenyewe, zikauondoa msuli wake, ikabaki kama mifereji mipana isiyoweza kujibana. Mimba ikikaribia kutimia, mji wa mimba hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika.

Badiliko hilo likikwama njiani, kondo hukosa damu ya kutosha. Huanza kumwaga kemikali zinazodhuru utando wa ndani wa mishipa ya mama, mishipa ya mwili mzima ikabana, presha ikapanda. Mara nyingi huo ndio mwanzo wa safari ya kuelekea kifafa cha mimba. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akipimwa presha 140/90, asiambiwe ni uchovu tu.

Watafiti hujuaje haya? Mama anayejifungua kwa upasuaji huombwa ridhaa, kisha kipande kidogo cha msuli hukatwa pembezoni mwa jeraha. Kinatundikwa kwenye maji yenye chumvi, nyuzijoto 37, oksijeni ikipulizwa, ncha moja ikifungwa kwenye kipima nguvu. Baada ya muda kipande kile huanza kukaza na kulegea chenyewe, bila neva wala ubongo. Mshipa mwembamba wa damu nao hupitishiwa waya mbili nyembamba zaidi, zipime unavyobana dawa inapodondoshwa. Panya peke yake hatoshi: kwake projesteroni, homoni inayoutuliza mji wa mimba, hushuka kwenye damu kabla ya kuzaa. Kwa mwanamke haishuki hivyo, na swali la nini hasa huanzisha uchungu bado linatafutiwa jibu katika vipande hivyo.

Mtoto akitoka, kazi inageuka. Nyuzi za msuli zimepishana kuizunguka mishipa iliyokuwa ikilisha kondo. Zikikaza, zinaikaba na damu inakoma. Sindano ya oksitosini ya paja, yuniti 10, huongeza nguvu ya mkazo huo. Ndiyo maana kondo likishatoka mkunga hubonyeza tumbo chini ya kitovu: anatafuta kitu kigumu, cha mviringo, yaani mji wa mimba uliokaza.