Virusi vya tiba ya jeni havikuambukizi ugonjwa

Ukitaja tiba ya jeni inayobebwa na virusi, wengi hushtuka: "Yaani nidungwe virusi ndipo nipone?" Ndiyo, lakini kinachodungwa ni ganda tu. Jeni za kirusi zimeondolewa, hakiwezi kuzaliana tena, na ndani yake imepakiwa jeni nzima ambayo mgonjwa anaikosa.

Tazama kazi ya Jean Bennett wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani. Mbwa waliozaliwa vipofu kwa hitilafu ya jeni iitwayo RPE65 walidungwa jichoni AAV, kirusi kisichojulikana kumletea binadamu ugonjwa wowote. Wakaanza kuona! Mmoja wao, Lancelot, alifikishwa hadi bungeni Washington. Majaribio kwa watu yalianza 2007, na Desemba 2017 dawa iliyotokana na kazi hiyo, Luxturna, ikaidhinishwa Marekani: mililita 0.3 tu kwa kila jicho, chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Hofu ya watu haikutoka hewani. Mwaka 1999, chuoni hapohapo, kijana wa miaka 18 alifariki katika jaribio lililotumia adenovirusi, kirusi cha aina nyingine. Hakuugua ugonjwa wa kirusi hicho; kinga ya mwili wake ndiyo iliyolipuka kupita kiasi. Hatari ya kuulizia ni hiyo, ndiyo maana mgonjwa wa Luxturna huanza dawa za kutuliza kinga siku 3 kabla ya sindano.