Je, wajua kwa nini diski hubaki imejaa hata baada ya kufuta faili la logi?

Diski ya seva imefika asilimia 100. Programu ya wavuti imeshindwa kuandika, watumiaji wanaletewa ukurasa wa hitilafu, nawe unasaka kilichomeza nafasi. Hukawii kukipata: faili moja la logi, yaani faili ambamo programu huandika kumbukumbu za matukio yake, lenye gigabaiti 38, lililonenepa kwa miezi bila mtu kulitazama. Unaandika `rm`, amri ya kufuta, faili linatoweka. Unaandika `df -h`, amri inayoonyesha nafasi ya diski, ili ujiridhishe, na jibu ni lilelile: asilimia 100.

Liliponikuta mara ya kwanza nilikuwa naamini najua maana ya kufuta. Kwangu `rm` ilikuwa kifutio: ukiipitisha juu ya faili, maandishi yanaondoka na karatasi inabaki nyeupe. Imani hiyo ilinifanya nitafute kosa kila mahali isipokuwa pale lilipokuwa.

Kwanza nilidhani `df` inachelewa, kwamba inashikilia hesabu ya zamani na itajisahihisha baada ya muda. Sivyo. `df` huuliza mfumo wa mafaili wakati huohuo unapoiita. Ni kweli kwamba faili kubwa sana laweza kuchukua sekunde kadhaa kuachiliwa, lakini mimi nilisubiri nusu saa. Kisha nikadhani kuna pipa la taka mahali fulani. Pipa la taka lipo kwenye kompyuta za mezani, ambako programu ya kupanga mafaili huhamisha kitu hadi folda maalumu badala ya kukiondoa. `rm` haina habari na folda hiyo. Mwishowe nikaanza kuishuku diski yenyewe, huku nikizidi kufuta logi nyingine za programu ileile, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyorudisha hata megabaiti moja.

Kosa langu lilikuwa katika neno lenyewe, kufuta. Katika Unix na mifumo endeshi iliyotokana na fikra zake, Linux ikiwemo, `rm` haiombi faili lifutwe. Huomba huduma ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, inayoitwa `unlink`, na maana yake ni kukata kiungo. Jina hilo limekuwepo tangu Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoijenga Unix pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, nalo ni jina sahihi kabisa. Kinachokatwa ni kiungo kati ya jina na kitu. Kitu chenyewe kina hatima yake tofauti.

Fikiria ghala kubwa la nyaraka. Vyumba vyake vina namba tu, havina majina. Langoni kuna daftari: upande wa kushoto majina, upande wa kulia namba za vyumba. Mwandishi anafika na kusema anataka `app.log`. Mlinzi anafungua daftari, anaona chumba 4182, anampeleka. Kuanzia hapo mwandishi yumo ndani. Anaandika siku nzima, mwezi mzima, na hana sababu ya kurudi langoni kuuliza chumba chake kinaitwaje.

Mlangoni pa kila chumba kuna kadi yenye hesabu mbili. Ya kwanza ni majina mangapi ya daftarini yanaelekeza hapa. Ya pili ni watu wangapi wamo ndani. Mlinzi ana kanuni moja asiyoivunja: chumba hakisafishwi wala hakigawiwi mwingine mpaka hesabu zote mbili zifike sifuri.

Sasa `rm` ni kupiga mstari juu ya jina daftarini. Hesabu ya kwanza inashuka kutoka 1 hadi 0. Lakini mwandishi yumo, kwa hiyo ya pili bado ni 1. Ukienda langoni kuulizia `app.log` utaambiwa hakuna jina hilo, nawe utaondoka ukiamini kazi imekwisha. Kumbe chumba 4182 kimejaa makaratasi vilevile, na mwandishi anaendelea kuyaongeza.

Ukiyarudisha hayo kwenye kompyuta: chumba ndicho kinachoitwa inodi, rekodi inayotunza ukubwa wa faili, mwenye faili, ruhusa, nyakati na mahali data ilipo kwenye diski. Jina halimo ndani yake. Jina hukaa kwenye saraka, ambayo kwa hakika ni daftari la majina na namba za inodi, na ndiyo maana faili moja laweza kuwa na majina mawili au matatu yenye haki sawa. Programu inapofungua faili, kerneli huipa namba ndogo, kwa mfano 7, kwa kuwa 0, 1 na 2 kwa desturi zimekwisha kutengwa kwa ingizo, tokeo na makosa. Baada ya hapo programu husema tu "andika hili kwenye 7". Jina la faili hutumika mara moja tu, wakati wa kufungua.

Mpango huu si kasoro iliyosahaulika kurekebishwa. Kuna programu zinazoutegemea kwa makusudi: zinatengeneza faili la muda, zinalifungua, halafu zinakata jina lake papo hapo na kuendelea kulitumia. Programu ikifa kwa ghafla, kerneli inafunga kila kilichokuwa wazi, hesabu inafika sifuri, na hakuna takataka inayobaki. Mwaka 2013 Linux iliongeza njia ya kuunda faili lisilopata kuwa na jina tangu mwanzo. Mimi huona hilo ni zuri mno: faili halali, lenye data, ambalo hakuna saraka yoyote iliyowahi kulitaja.

Ghala hilohilo linaeleza kwa nini `df` na `du` hugombana. `du` hutembea na daftari mkononi, hupita kwenye vyumba vyenye majina na kujumlisha. `df` humuuliza mlinzi vyumba vingapi havijagawiwa. Ikiwa `du` inasema zimetumika gigabaiti 12 na `df` inasema 50, kuna uwezekano mkubwa kwamba tofauti imo kwenye vyumba visivyo na jina, ingawa zipo sababu nyingine pia, kama vile data iliyofunikwa na diski nyingine iliyopachikwa juu ya saraka yake. Amri `lsof +L1` huorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo idadi ya majina yake ni chini ya 1. Siku ile ingenionyesha yote kwa mstari mmoja.

Hadi hapa huenda ukasema: basi nisifute logi kwa mkono, yatosha. Lakini tatizo hili hutokea hata pasipo mtu kugusa kitu, na hapo ndipo mpangilio wa logi wa programu ya wavuti unapohitaji uangalifu.

Logi haiwezi kukua milele, kwa hiyo huzungushwa: la leo linawekwa kando, jipya linaanzishwa, la zamani linabanwa kisha linaondolewa. Kwenye Linux kazi hii mara nyingi hufanywa na `logrotate`. Kwa kawaida yake hubadili jina, `app.log` kuwa `app.log.1`, halafu huunda `app.log` jipya, tupu. Rudi ghalani. Kubadili jina ni kurekebisha mstari daftarini. Mwandishi aliye chumba 4182 hasikii chochote. Anaendelea kuandika mlemle, ambamo sasa mnaitwa `app.log.1`, na chumba kipya kinabaki kitupu. Ukiona `app.log` lina baiti 0 huku `app.log.1` linakua, hilo ndilo lililotokea. Baadaye faili la zamani linabanwa. Kubana ni kutengeneza nakala ndogo kisha kukata jina la lile la awali, na hapo tunarudi palepale: faili lisilo na jina, lenye mwandishi ndani.

Kwa hiyo mpangilio wowote wa kuzungusha logi una swali moja la kujibu: nani atamwambia mwandishi atoke na arudi langoni kuuliza upya?

Jibu la kwanza ni ishara, ujumbe mfupi ambao kerneli huufikisha kwa programu. Nginx, ambayo ni seva ya wavuti, ikipokea ishara ya USR1 hufunga logi zake na kuzifungua upya kwa majina, hivyo mstari wa kuituma huwekwa katika sehemu ya `postrotate` ya mpangilio wa `logrotate`. Apache, seva nyingine ya wavuti, nayo huweza kuanzishwa upya kwa upole, ila michakato yake ya zamani, yaani nakala zake zinazoendeshwa, huendelea kuandika kwenye logi ya zamani hadi imalize maombi iliyoyashika. Ndiyo sababu mwongozo wake unaelekeza kusubiri kabla ya kubana. `logrotate` ina chaguo la `delaycompress`, linaloahirisha kubana hadi zamu inayofuata, kwa ajili ya hali kama hiyo.

Jibu la pili ni mwandishi mwenye tahadhari. Lugha ya Python ina `WatchedFileHandler`, ambayo kabla ya kuandika hulinganisha namba ya inodi iliyo nyuma ya jina sasa na ile iliyoishika. Zikitofautiana, hufunga na kufungua upya. Hii ndiyo njia ninayoipenda kwa programu ndogo, kwa kuwa haihitaji ishara na haimtegemei mtu kukumbuka kitu.

Jibu la tatu ni `copytruncate`: nakili yaliyomo kwenye faili lingine, kisha ulikate la awali hadi baiti sifuri bila kugusa jina wala inodi. Chumba ni kilekile, kimesombwa tu. Inavutia kwa sababu programu haihitaji kujua lolote, lakini ina gharama mbili. Kati ya kunakili na kukata upo upenyo mfupi, na mistari itakayoandikwa hapo hupotea. Mwongozo wa `logrotate` wenyewe unakiri hivyo. Gharama ya pili inategemea namna faili lilivyofunguliwa. Likifunguliwa kwa hali ya kuongeza mwishoni, kila uandishi hutafuta mwisho wa sasa na mambo huenda sawa. Lisipofunguliwa hivyo, mwandishi anakumbuka alikuwa ukurasa wa 5,000, na baada ya makaratasi yote kusombwa bado anaandika ukurasa wa 5,001. Zinazotangulia zinahesabiwa kama shimo la baiti za sifuri. Hapo `ls -l` itakuonyesha faili kubwa kama jana, ilhali `du` inaonyesha kilobaiti chache. Kwenye mafaili ya kawaida yenye uwezo wa kuwa na mashimo, yote mawili ni kweli.

Kuna pia kishawishi cha kuiachia programu yenyewe izungushe logi, kwa `RotatingFileHandler` ya Python au mfano wake katika lugha nyingine. Kwa mchakato mmoja hufanya kazi vizuri. Programu nyingi za wavuti, hata hivyo, huendeshwa na michakato minne au minane kwa pamoja. Mmoja unabadili jina, mingine bado imo chumba cha zamani, kisha nayo inafika wakati wa kubadili jina, na logi zinaanza kufutana. Nyaraka za Python zinasema waziwazi kwamba kuandika kutoka michakato kadhaa kwenye faili moja ni jambo lisilotegemezwa. Katika hali hiyo ni heri uandike kwenye tokeo la kawaida na kuuachia mfumo, kama vile `journald`, kazi ya kukusanya.

Mipaka ya maelezo haya ipo. Kwenye Windows, faili lililo wazi kwa kawaida hukataa kufutwa au kubadilishwa jina isipokuwa aliyelifungua aliruhusu hivyo, ndiyo maana `WatchedFileHandler` haifai huko. Kwenye diski za mtandao za NFS, kukata jina la faili ulilolifungua mwenyewe huacha faili lenye jina linaloanza na `.nfs` hadi utakapolifunga. Na kwenye mifumo ya mafaili ya ZFS au Btrfs inayotunza picha za hali zilizopita, nafasi yaweza kubaki imeshikwa na picha hizo hata kama hakuna mchakato wowote uliofungua faili.

Ukijikuta tayari umefuta, njia ya haraka ni kuwasha programu upya: inafunga kila kitu, hesabu inafika sifuri, nafasi inarudi. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na ilirudi kweli. Ila katika gigabaiti zile 38 ndimo ulimokuwa mstari wa kosa uliokuwa ukijirudia na kuijaza diski, nami nikauondoa pamoja na nafasi. Wiki mbili baadaye diski ilijaa tena.

Wakati ule sikujua kwamba chumba kisicho na jina bado kina mlango. Ikiwa namba ya mchakato ni 2210 na faili limefunguliwa kama 7, Linux huliweka wazi kwenye `/proc/2210/fd/7`, likiwa na alama kwamba limefutwa. Mara ya pili nilianza na `tail -n 5000 /proc/2210/fd/7`, nikayahifadhi matokeo kwenye diski nyingine, kisha nikaandika `truncate -s 0 /proc/2210/fd/7`. Nafasi ilirudi papo hapo, programu ikiwa inaendelea kuhudumia watu. Katika mistari ile 5,000, zaidi ya 4,900 ilikuwa onyo lilelile moja, kutoka kwenye sehemu ya programu ambayo mtu alikuwa ameiacha katika hali ya uchunguzi.