Mgongano wa majina ya mbinu katika kuunganisha majukumu

Jukumu, katika uandishi wa programu unaotumia klasi (vielelezo vya kuundia vitu vya programu), ni fungu la mbinu, yaani maagizo yenye jina yanayotekeleza kazi fulani, linaloandikwa mara moja na kuingizwa katika klasi nyingi zisizo na nasaba moja. Mgongano hutokea pale klasi moja inapopokea majukumu mawili, na kila moja likaja na mbinu yenye jina lile lile lakini yenye kazi tofauti.

Tuchukue ushirika wa wakulima wa kahawa huko Mbale. Mkulima akishapimiwa kahawa yake hupewa stakabadhi ya karatasi, kisha hutumiwa ujumbe mfupi kwenye simu. Mwandishi wa programu anaipa klasi ya Stakabadhi majukumu mawili, Inayochapwa na Inayotumwa. La kwanza lina mbinu «andaa» inayopanga maandishi kulingana na upana wa karatasi. La pili nalo lina «andaa», inayoyafupisha yasizidi herufi 160 za ujumbe mmoja. Kila jukumu likiwa peke yake halina kosa. Ni kama familia mbili za Waganda zenye Wasswa kila moja, kwa kuwa hilo ndilo jina la pacha wa kiume aliyetangulia kuzaliwa: hakuna mzazi aliyekosea, ila watoto wakilala nyumba moja, anayeita lazima aseme anamtaka yupi.

Baadhi ya lugha za programu huamua kwa mpangilio. Katika Ruby, moduli (ndiyo jukumu la huko) iliyoingizwa mwisho ndiyo inayoitikia, bila onyo lolote. Sioni kuwa ni njia njema, kwa sababu anayebadilisha tu mfuatano wa mistari hubadilisha pia matendo ya programu asijue. Mwaka 2003 watafiti Schärli, Ducasse, Nierstrasz na Black walipendekeza kinyume chake: mpangilio usiwe na uzito, na mgongano utatuliwe waziwazi na klasi inayounganisha. Mbinu ile ile, yenye chanzo kimoja, ikifika kwa njia mbili, huo si mgongano.

Klasi inaweza kuandika «andaa» yake yenyewe, ambayo hushinda za majukumu, kama vile za majukumu zinavyoshinda za kurithi, yaani zinazotoka kwa klasi mzazi. Inaweza pia kuikataa moja ya hizo mbili, au kuipa lakabu ili ibaki ikipatikana kwa jina jingine. Lugha ya PHP, tangu toleo la 5.4, hutumia neno «insteadof» kwa kukataa na «as» kwa lakabu. Moose, maktaba ya kuandikia klasi katika lugha ya Perl, ina maneno yake ya kazi hiyo hiyo.

Lakabu, hata hivyo, ina mtego. Tuseme tumeikataa «andaa» ya Inayotumwa na kuiita «andaaUjumbe». Ndani ya jukumu hilo hilo kuna mbinu «tuma», ambayo huita «andaa» kabla ya kupeleka ujumbe, na lakabu haibadilishi wito huo. Kwa hiyo «tuma» sasa itapata «andaa» ya karatasi, nayo simu ya mkulima itapokea maandishi marefu yaliyokatwa vipande vitatu, kila kipande kikilipiwa, na hakuna hitilafu itakayoonekana popote. Ikiwa jukumu ni lako, badilisha jina kwenye chanzo chake. Ikiwa ni la mwingine, iandike «tuma» upya ndani ya Stakabadhi ili iite «andaaUjumbe».

Anayetumia Moose aangalie jambo moja zaidi. Majukumu yote mawili yakitajwa katika tamko moja la «with», ambalo ndilo linaloingiza majukumu katika klasi, mgongano hugunduliwa na programu husimama, ikidai mbinu hiyo iandikwe na klasi au ikataliwe. Yakitajwa katika matamko mawili, «andaa» iliyotangulia huwa imekwisha kuhesabiwa kuwa mali ya klasi, na ile ya pili huachwa kimyakimya.