Kabla ya Kupakua Kompaila, Angalia Umri wa Somo Lako

Wanaoanza kuandika programu huniuliza sana wapi pa kupata kompaila nzuri, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa programu inayoendeshwa na kompyuta. Hapo sina jibu refu, maana kompaila wanazotumia wahandisi wazoefu hutolewa bure. Kinachowakwamisha wengi ni kingine, na nilikiona waziwazi nilipotumiwa programu ya mistari sita ya lugha ya C++ ambayo kompaila iliikataa katakata.

Mstari wa kwanza ulikuwa #include <iostream.h>. Mwanafunzi aliinakili kutoka kitabuni neno kwa neno, akakagua kila nukta, kisha akaiondoa kompaila na kuisakinisha upya mara tatu. Hakuwa amekosea kitu. Kitabu chake kiliandikwa kwa ajili ya Turbo C++, kompaila ya Borland iliyotoka mwaka 1990. C++ ilipopata kiwango chake rasmi cha kwanza mwaka 1998, faili hilo likaitwa iostream tu, bila .h mwishoni. Kompaila aliyopakua ni ya kisasa na kitabu ni cha enzi nyingine, naye akajiona hana kichwa cha programu. Jambo hili huniuma, kwa sababu wapo wanaoacha kabisa kwa sababu hiyohiyo.

Kwa hiyo anza na programu ya kwanza iliyomo kwenye somo. Ukikuta conio.h, clrscr() au void main(), ujue unasoma mambo ya enzi za DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows ya leo. Ukikuta gets() kwenye somo la C, tafuta somo jingine. Fanksheni hiyo husoma maandishi bila kujua nafasi iliyotengwa inatosha kiasi gani, kwa hiyo maandishi marefu humwagika hadi kwenye kumbukumbu isiyo yake. Mnyoo wa Morris wa mwaka 1988, programu iliyojisambaza yenyewe mtandaoni, uliingia kwenye kompyuta nyingi kwa kupitia udhaifu huo, na kiwango cha C cha mwaka 2011 kikaifuta kabisa. Kwa Python dalili ni nyepesi: print isiyo na mabano ni ya Python 2, iliyoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020.

Sasa kompaila zenyewe. Visual Studio Code ni kihariri, yaani mahali pa kuandikia tu. Ukiisakinisha peke yake bado huna kompaila ya C wala ya C++. Visual Studio, ambayo jina lake huwachanganya watu kila siku, ni furushi kubwa lenye kompaila ya Microsoft, na toleo la Community ni bure kwa mtu binafsi, mradi uchague sehemu ya C++ wakati wa kusakinisha. Kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike sudo apt install build-essential, utapata GCC, kompaila ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987. Kwenye Mac andika xcode-select --install, utapata Clang, kompaila nyingine. Ukiandika gcc kwenye Mac hiyo, atakayeitika ni Clang vilevile. Apple ndivyo walivyopanga. Mwenye simu ya Android pekee asakinishe Termux, programu inayompa terminali kwenye simu, kisha aandike pkg install clang.

Windows ndiko kwenye usumbufu. GCC hupatikana kupitia MSYS2, mkusanyiko wa zana za kuandikia programu kwenye Windows, lakini baada ya kazi yote terminali husema haiitambui amri ya gcc. Kompaila ipo; folda yake ndiyo haijaandikwa kwenye PATH, orodha ya mahali ambapo mfumo hutafuta programu. Ongeza kwenye orodha hiyo folda ya bin yenye gcc, kisha funga terminali na ufungue nyingine, kwa kuwa iliyokuwa wazi bado inashikilia orodha ya zamani. Andika gcc --version. Ikijibu namba, umemaliza. Tangu siku hiyo kompaili kila kitu kwa kuongeza -Wall -Wextra kwenye amri ili ikuonye mapema.

Usiyetaka kusakinisha chochote kwa sasa, fungua Compiler Explorer, tovuti aliyoianzisha Matt Godbolt mwaka 2012. Ina menyu ndefu ya kompaila za matoleo mbalimbali, kwa hiyo unaweza kubandika programu ileile kwenye ya zamani na kwenye mpya, ukaona ipi inalalamika.

Kwa kusomea, napenda tovuti zinazotaja umri wa kila kitu. cppreference, tovuti ya marejeo ya C na C++, huonyesha kila kipengele kiliingia na kiwango kipi na kiliondoka lini. Utaona mle kwamba auto_ptr, kipengele cha zamani cha C++, iliondolewa katika C++17. Nyaraka rasmi za Python hukuruhusu kuchagua toleo juu ya ukurasa. Anayependa kufundishwa kwa video aanze na CS50 ya Harvard, ambayo ni bure na huanza na Scratch, lugha ya kupanga vipande badala ya kuandika, kisha C kabla ya kwenda Python.

Mwanafunzi wangu hakukitupa kitabu chake, nami sikumshauri akitupe. Tuliondoa .h, tukaweka std:: mbele ya cout, tukageuza void main kuwa int main. Programu ikakubali papo hapo. Sasa yuko kwenye sura ya vitanzi, kwani for na while za kawaida za kitabuni bado huandikwa vilevile, na kila programu mpya huirekebisha mwenyewe kabla ya kuipeleka kwenye kompaila.