Jamani, msizime pampu ya bwawa

Mpangaji mwingine amezima pampu. Bili ya umeme ilikuja nzito, akazunguka nyumba akitafuta ni kitu gani kinanguruma mchana kutwa, akakikuta kibanda cha pampu kule nyuma, akashusha swichi. Siku ya nne ananitumia picha ya maji ya kijani na malalamiko kwamba dawa ya bwawa haifanyi kazi.

Nasimamia nyumba za kupangisha zenye mabwawa ya kuogelea hapa Hua Hin, Thailand, na kisa hiki kinanifikia kila msimu. Kinatoka kwa Wazungu waliostaafu, kwa Wathai wa Bangkok wanaokuja kupumzika, na siku hizi kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki pia, hasa wafanyabiashara wa vito wenye shughuli zao Bangkok na Chanthaburi wanaotaka familia ikae mahali penye nafasi. Wote wana imani ileile: bwawa ndilo linalokula umeme, na usipoogelea pampu haina kazi. Si kweli, na inawagharimu watu amana zao. Naandika hapa kwa Kiswahili ili nikiulizwa tena nielekeze huku.

Tuanze na hesabu. Bwawa la kawaida la nyumba za huku ni mita 4 kwa 8, kina cha wastani mita 1.4, yaani kama lita 45,000. Pampu yake ni ya hospawa 1 na inavuta takriban kilowati moja. Ikienda saa nane kwa siku ni uniti 8, kwa mwezi uniti 240. Bei ya PEA, shirika la umeme la mikoani, huangukia kati ya baht 4 na 5 kwa uniti ukijumlisha na kodi. Kwa hiyo pampu inakula kama baht 1,000 na kitu kwa mwezi.

Sasa ingia sebuleni. Kiyoyozi cha BTU 24,000, cha zamani, kisicho na inveta ya kupunguza kasi ya kompresa, kinavuta zaidi ya kilowati mbili kila kompresa inapowaka. Mlango mkubwa wa kioo unaoelekea bwawani uko wazi kwa sababu watoto wanaingia na kutoka, basi kompresa haipumziki. Saa kumi za namna hiyo ni uniti 20 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya pampu, na vyumba vya kulala bado sijavigusa. Wengi wetu tumezoea Luku au tokeni: unanunua uniti, unaziona zikishuka, unajua nani mlaji. Hapa unatumia kwanza, karatasi inakuja baadaye na jumla moja. Mtu anabaki kuhukumu kwa masikio, na kinachosikika nje ni pampu.

Kabla ya kumlaumu hata huyo kiyoyozi, angalia umeandikiwa bei gani kwa uniti. Wapo wenye nyumba wanaotoza baht 7 au 8. Hapo pampu ileile inafika karibu baht 2,000 na kila kitu kingine kinapanda nayo. Kanuni za kumlinda mlaji zilizoanza Mei 2018 ziliwabana wapangishaji wakubwa wasizidishe bei ya shirika, lakini mwenye nyumba moja tu anayompangisha mgeni, ambaye ndiye mnayekutana naye sana, hazikumlenga. Kwa hiyo kabla ya kusaini sema: nalipa kwa bili ya PEA yenyewe, naipeleka mwenyewe duka la 7-Eleven. Kama nyumba ina mita yake, hakuna sababu ya kukataliwa. Akikataa, tafuta nyumba nyingine, ziko nyingi.

Turudi kwenye pampu, maana ndipo panaponikera.

Klorini haitembei yenyewe. Pampu ndiyo inayovuta maji ya juu yenye majani, jasho na mafuta ya kujipaka, inayapitisha kwenye kichujio cha mchanga, kisha inayarudisha kwa kasi hadi pembe za chini ya ngazi ambako mwani huanzia. Ukiizima mwezi wa Aprili, maji yamefika nyuzi 31 au 32, jua liko utosini, na jua hilo linaimaliza klorini isiyo na kinga ndani ya saa chache. Baada ya hapo umebaki na dimbwi la maji ya uvuguvugu. Siku ya kwanza yanapendeza. Siku ya pili ukipitisha kidole ukutani unahisi utelezi. Ya tatu au ya nne, kijani. Halafu mtu anamwaga kopo zima la klorini ya chenga kwenye maji yaliyosimama. Chenga zinazama, zinachubua rangi ya vigae pale zilipotua, na mita moja pembeni mwani unaendelea kustawi. Dawa ni nzima kabisa, ila hakuna wa kuisambaza.

Hapo huja yule anayesema: "Mimi langu ni bwawa la chumvi, halina klorini, kwa hiyo hayo hayanihusu." Naomba nieleweke vizuri hapa. Bwawa la chumvi ni bwawa la klorini. Chumvi iliyomo ni gramu tatu au nne kwa lita, wakati bahari ina kama 35, na haisafishi chochote ikiwa chumvi. Maji hayo yanapita kwenye seli yenye bamba za chuma, umeme unaitenganisha chumvi, klorini inazaliwa palepale ndani ya bomba. Seli hiyo imefungwa kwenye njia ya pampu. Pampu ikilala, seli inalala, na tangu dakika hiyo hakuna klorini mpya hata tone. Mwenye bwawa la vidonge akizima pampu, angalau kidonge chake bado kinayeyuka mahali fulani. Wewe wa chumvi huna hata hicho. Madalali wanaowaambia wageni kwamba maji ya chumvi ni "ya asili, hayana kemikali" wanajua wanachokifanya, na wanaolipia ni wapangaji.

Na ile harufu kali mnayoiita "klorini nyingi" ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo. Bwawa lenye harufu hiyo kwa kawaida linahitaji klorini zaidi. Tusonge.

Saa ngapi kwa siku? Vitabu vinasema maji yote yapite kwenye kichujio mara moja kwa siku. Pampu ya kupeleka lita 10,000 kwa saa ingemaliza lita 45,000 kwa saa nne na nusu, na wapangaji wanaojua hesabu hunibana hapohapo. Lakini maji hayapangi foleni. Mengine yanapita mara tatu na mengine hayapiti kabisa, inategemea midomo ya kurudishia maji imeelekezwa wapi. Mimi naweka saa nane, kumi majani yanapodondoka sana, na Januari kwenye nyumba yenye kivuli nashuka hadi sita. Nakiri kuwa saa nane ni mazoea yaliyotusaidia, hakuna kanuni niliyoithibitisha. Nimeona bwawa la saa sita likimeta, na la saa kumi likiwa na mwani kwenye kona moja, na si kila mara ninaweza kueleza kwa nini. Hali ni hiyohiyo kwa ile asidi ya sayanuri, kinga ya klorini dhidi ya jua. Vitabu vinataka miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Mabwawa mengi ya huku yanayotiwa vidonge au chenga za asilimia 90 yamepita 100, kwa sababu kila dozi inaongeza asidi hiyo na haitoki mpaka umwage sehemu ya maji. Baadhi bado ni masafi, kwa kuwa mtunza bwawa anazidisha klorini kufidia. Je, nimwage maji msimu wa kiangazi, wakati maji ya bomba yenyewe ni ya shida? Mara nyingi nasubiri mvua za Septemba hadi Novemba zinifanyie kazi hiyo.

Wenye mita ya TOU, ile inayotoza bei kulingana na saa, wana haki ya kufikiria tofauti: saa nne usiku hadi saa tatu asubuhi umeme ni wa bei nafuu, na wikiendi nzima pia. Gawa saa basi, nyingine usiku, nyingine mchana jua linapochoma. Usihamishie zote usiku kama una seli ya chumvi.

Kitu kimoja cha kufanya kila asubuhi, dakika mbili tu. Fungua kibanda, tazama kifuniko cha pampu kinachoonyesha ndani. Maji yakijaa tulivu, hewa haiingii. Ukiona mapovu yanazunguka na kikapu kinaonekana nusu, ama maji ya bwawa yameshuka, ama kikapu cha pembeni kimeziba majani, na pampu ikienda kavu itaunguza sili yake. Kisha soma geji ya shinikizo iliyo juu ya kichujio. Ikipanda psi 8 hadi 10 juu ya inavyosoma mchanga ukiwa safi, ni wakati wa kuusafisha kwa kurudisha maji kinyume. Mtunza bwawa huja mara mbili kwa wiki, siku nyingine macho ni yako.

Bustani nayo haitengani na bwawa, ingawa watu huzizungumza kama vitu viwili. Mbolea ikirushwa kwenye nyasi ukingoni, mvua ya kwanza inaiteremsha majini na mwani unapata chakula. Mtunza bustani akipuliza majani kuelekea bwawani, kikapu kinaziba kabla ya adhuhuri. Mlangilangi na msanapichi ni miti mizuri, lakini iwe mbali na maji. Sahani za chini ya vyungu zimwagwe kila wiki: mbu wa dengue anataga kwenye maji kidogo yaliyotulia na anauma mchana. Waliokuwepo Dar mwaka 2014 na 2019 hawahitaji kuelezwa.

Mengine kwa haraka. Kupangisha nyumba kwa siku moja moja, chini ya mwezi, kunaingia kwenye Sheria ya Hoteli ya 2004, kwa hiyo ukipata villa ya wiki mbili muulize mwenyewe kama ana kibali. Mwenye nyumba anatakiwa kuwaarifu Uhamiaji kwa fomu ya TM30 ndani ya saa 24 tangu mgeni afike, dai nakala. Mkataba wa zaidi ya miaka mitatu usiposajiliwa Ofisi ya Ardhi unatambulika kwa miaka mitatu tu.

Amana kwa kawaida ni kodi ya miezi miwili, na ndiyo inayopotelea kwenye maji ya kijani. Kwa hiyo mkataba usiishie kwenye "bwawa na bustani vimejumuishwa". Uandikwe: nani analipa mtunzaji, nani ananunua dawa (wengi hujumuisha kazi lakini si dawa), pampu ikifa kwa uzee ni ya nani, na pampu itawashwa saa ngapi kwa siku. Hilo la mwisho karibu hakuna anayeliandika, na ndilo ugomvi unapoanzia. Siku ya kukabidhiwa piga picha za maji mpaka sakafu ya bwawa ionekane, za geji, za mita ya umeme, na za kisanduku cha taima kikionyesha saa zilizopangwa. Mkisafiri Songkran, mwaka mpya wa Kithai, zimeni viyoyozi, zimeni hita za bafuni, chomoeni televisheni. Swichi ya pampu iacheni juu.